Fildi Yangu kwenye Chumba cha Kadi

Jumatatu, 14 Agosti 2006

Fildi, mafunzo ya vitendo ya chuo, imeanza. Wenzangu tunaosoma nao kompyuta wamebaki Dar: benki, kampuni za simu. Mimi nimerudi kwetu Nachingwea, kituo cha afya cha misheni, njia ya Ruangwa. Kompyuta ipo! Moja, ya msaada, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sista Agatha, mkuu wa kituo, kaniuliza naweza kufanya nini. Nikasema: programu ya kutafuta kadi za wagonjwa.

Kadi zenyewe ziko kwenye maboksi ya sabuni. Hazifuati hata alfabeti! Lakini Mzee Silvanus, mtunza kadi, anachomoa anayoitaka kama anachuma mboga. Anajuaje? Nilimuuliza. Akacheka tu — utaona, Goleti. Hivyo ndivyo anavyolitamka jina langu, r kwake ni l.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimeingiza kadi 412. Vidole vinauma. Unaandika jina, sekunde moja, inakuambia boksi gani. Mzee Silvanus alisimama nyuma yangu, halafu akarudi kwenye maboksi yake.

Meseji ya Gabrieli, tunasoma naye darasa moja. Yeye wanamfundisha netiweki, na bosi wake keshamwambia alete barua ya maombi akimaliza chuo. "We huko porini utaandika nini kwenye CV?" Nimeweka simu mfukoni, nikachukua kadi nyingine.

Jumanne, 22 Agosti



Asubuhi alikuja mama mmoja wa Lionja, Mwanaima, na mtoto ana homa kali. Jina la mtoto? Fatma Kaimu. Nikaandika. HAKUNA. Nikampa kadi mpya, safi, nikajisikia mjanja — hata dakika haikuisha.

Mzee Silvanus alikuwa anafunga maboksi kwa kamba. Akainua kichwa. "Huyo mama si mgeni. Mwaka jana alilazwa hapa na mtoto." Nikamwambia mashine imesema hakuna. Hakubishana. Alifungua boksi la pembeni, akatoa kadi, akaondoka nayo mbio. Mzee wa miaka sitini na kitu, mbio!

Sista alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. Kadi ya zamani ina maandishi mekundu: ASIPEWE PENISILINI. Jina juu: Fatuma Kaimu.

Fatuma. Herufi moja!

Mtoto amepewa dawa nyingine. Mama yake alinishukuru wakati anaondoka. Mimi! Sikuweza kumtazama. Sista hakunigombeza. Alisema tu: kesho acha kompyuta, ukae na Mzee kwenye dirisha la kupokelea wagonjwa.

Jumatano, 23 Agosti

Maboksi yana mpangilio! Ni vijiji. Lionja, Chiola, mengine ya upande wa Namungo kwa wachimba dhahabu, ambao hawakai sana. Ndani ya kijiji, kaya. Watoto wako nyuma ya mama yao. Mzee hakuulizi jina kwanza. Anauliza umetoka wapi, umekuja na nani, mara ya mwisho uliumwa nini. Jina ni la mwisho kabisa.

Chuoni nilipata A somo la hifadhidata. Mbona hakuna aliyenifundisha hili?

Ijumaa, 25 Agosti

Nina daftari la majina na kila namna yanavyoandikwa. Eustakio: Yustakio, Ustakyo, Eutakio. Magreti: Makleti, Magleti. Bibi mmoja anaongea Kimakua tu, mjukuu ndiye aliyemtajia jina, na kadi tatu zote za bibi zina majina tofauti! Tarehe ya kuzaliwa: "mwaka wa nzige." Nimeuliza ni mwaka upi. Watu wanne, majibu manne. Naandika yote. Nimesahau hata kula.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimeibomoa programu. Sasa inaanza na kijiji, halafu inaleta majina yote yanayofanana, unachagua kwa kumuuliza mtu mwenyewe. Neno HAKUNA nimelifuta. Badala yake: ULIZA TENA. Mzee Silvanus kaijaribu kwa kidole kimoja. "Hii sasa inasikia," akasema. Akataka kujua inakumbuka wapi, humo ndani. Tumekaa saa nzima nikimchorea.

Ijumaa, 1 Septemba

Naandika nyuma ya fomu tupu ya kituo, haraka. Dokta Ignasi, mhadhiri wangu, kafika saa tatu kunikagua. Umeme hakuna tangu jana, dizeli ya jenereta inatunzwa kwa ajili ya chumba cha uzazi. Nilitaka kulia. Akauliza: sasa utanionyesha nini? Nikamwambia, sijui ujasiri niliutoa wapi — kaa dirishani, Dokta, ukae kwenye kiti changu.

Kakaa. Alidhani dakika kumi. Sasa ni saa sita kasoro. Koti kavua. Bibi mmoja kamtajia jina mara tatu na bado anaandika, anafuta. Mzee Silvanus yuko pembeni, boksi kalishika, anamngoja.

Fomu yangu ya alama iko mezani, haina kitu. Foleni imefika mlangoni. Nilisogea kumwambia Dokta apumzike. Hakugeuka. Kaniomba kalamu nyingine.