Nafasi ya Imelda

Mbokomu, Moshi

Mdogo wangu Thadei,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu utaniamkia kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo nimekuitikia mapema. Habari za Mbinga? Mguu wa mke wako umeacha kuvimba? Na kahawa yenu, mmeanza kuchuma au bado mnahangaika na vibarua? Huku kwetu mvua imekatika, mlima unaonekana asubuhi nzima, na baridi inaingia hadi kwenye mifupa ambayo zamani sikujua kama ninayo.

Mimi si mzima na sitakuficha. Daktari wa Moshi mjini anasema moyo umechoka na umepanuka. Alipokuwa akisema aliangalia karatasi zake, hakuniangalia mimi, nikahisi kuna neno analiruka. Nikambana: "Daktari, mimi nimekuwa mwalimu. Nimewapa watoto wa watu matokeo mabaya miaka mingi. Nipe na mimi yangu." Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia nitengeneze mambo yangu. Ndiyo ninayoyatengeneza.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Sauti yangu siku hizi inakatika kabla ya salio, na wewe simu yako unaiweka sauti kubwa, wateja wote wa duka lako wakasikia habari kabla hujazielewa mwenyewe. Halafu simu na mimi tumekosana. Utaona.

Ni kuhusu Imelda na nafasi yake ya chuo.

Unakumbuka nilivyokueleza mwaka jana. Mjukuu wako, niliyekaa naye hapa tangu kidato cha kwanza, alipata daraja la kwanza kwenye EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati. Aikande, mjukuu wa shemeji yangu Anaeli, alisoma mchepuo huohuo akapata daraja la pili. Wote wawili waliomba kusoma uchumi. Nafasi za uchumi ni chache na waombaji ni wengi mno, hilo nalijua, maana ndilo somo nililofundisha mpaka nikastaafu. Lakini Aikande alipopata na Imelda akakosa, akili yangu ilikataa. Nikakuambia Anaeli amepita mlango wa nyuma. Kisha nikakuambia amekiri. Wewe ukaapa kwamba Imelda hatakanyaga tena huku kwa hao watu, na mpaka leo msichana yuko dukani kwako anauza sabuni na mafuta ya taa.

Thadei, Anaeli hakufanya kitu. Imelda alikuwa amepata. Aliyempotezea nafasi ni mimi.

Kaa chini nikueleze vizuri, usiruke mistari.

Wakati wa maombi nilishuka na Imelda hadi Pasua, mjini, kwenye steshenari moja ambako kijana anawajazia wanafunzi maombi ya chuo kwa kompyuta. Kijana alikuwa na adabu nyingi, na mimi adabu ikizidi naanza kuitilia shaka. Alipofika mahali pa namba ya simu, Imelda akaanza kutaja yake. Nikamkatiza.

"Andika yangu."

"Bibi, meseji zote zitakuja kwako," Imelda akasema.

"Ndivyo ninavyotaka. Namba yako wakishaipata hawa, kesho utatapeliwa."

Kijana akasema, "Bibi, sisi hapa si matapeli," na Imelda akainamisha uso kwa aibu. Kompyuta ilipotoa neno la siri la akaunti yake, hilo nalo nikalinyakua. Nikalikunja, nikaliweka ndani ya mkoba wangu, mtoto hata hakupata nafasi ya kulikariri. Nilijiona nimemkinga.

Baada ya hapo mama yake Imelda akaugua, ukamwita binti aje kumuuguza. Akaniachia neno moja tu: "Bibi, ikija meseji ya chuo nipigie saa hiyohiyo." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa elewa hali yangu ya siku zile. Nilikuwa nimepata meseji inayosema hongera, umechaguliwa kupokea zawadi, na kidogo tu niwatumie pesa walizokuwa wanazitaka. Anaeli ndiye aliyenizuia, akacheka sana. "Shemeji, yaani wewe mwalimu wa uchumi!" Kile kicheko kiliniuma. Nikaapa kwamba simu haitanichezea tena. Basi ilipoingia nyingine, sina miwani, nikaona juu kabisa imeandikwa hongera, umechaguliwa. Sikuifungua. Mtu asiyenijua ananipongeza kwa nini? Nikaifuta. Ikaja ya pili, nayo nikaifuta. Na nilifurahi, Thadei. Nilijiambia, leo wamenikosa.

Imelda alipiga simu mara nyingi.

"Bibi shikamoo. Hakuna kitu?"

"Marahaba. Hakuna."

"Hakuna kabisa? Wenzangu wameshapata zao."

"Ningekuficha ya nini? Hakuna."

Sikumdanganya kwa kukusudia. Kwangu zile hazikuwa meseji za chuo, zilikuwa za wezi. Akaniomba basi nimsomee lile neno la siri aingie mwenyewe kwenye akaunti. Nikakataa kulitaja kwenye simu, nikimwambia kuna watu wanasikiliza. Yeye alivyolelewa kutonibishia, akaniaga. Dirisha la maombi lilipofunguliwa tena nafasi za uchumi zilikuwa zimejaa.

Hapo ndipo niliposikia vigelegele kwa Anaeli. Aikande amepata.

Tangu marehemu mume wangu azikwe nilikuwa simwamini Anaeli, ndugu yake. Kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, na hiki changu vinatenganishwa na mstari wa masale tu, yale majani marefu ambayo Wachagga hupanda mpakani, na mimi sikuzaa mtoto wa kunirithi. Alipopanda masale mapya pale yalipokauka, nilitoka na kamba kupima kama amesogeza. Hakuwa amesogeza, lakini sikuridhika. Kwa hiyo habari ya Aikande ilipokuja, ilikuta moyo ulioandaliwa. Kila kitu kikawa ushahidi. Mkwe wake anafanya kazi Dodoma, kumbe! Aikande alikuja hapa kuchaji simu mara mbili, kumbe! Mkewe Anaeli aliponiletea maziwa nilikuwa nayanusa kwanza, kisha nampa paka, na namwangalia paka. Aliponiletea kiburu, ile ndizi na maharage anayoipika vizuri kuliko mtu yeyote huku, nilikifukia nyuma ya banda. Kanisani nikahama benchi.

Walisikia ninayosema, maana sikuyasema kwa siri. Asubuhi moja Anaeli akaja, amevaa koti la kanisani, mkononi ana isale, jani moja la mpakani, amelifunga fundo.

"Shemeji," akasema, "naomba yaishe."

"Yaishe yapi?"

"Haya."

"Yataje."

Hakuyataja. Alisimama tu mlangoni amelinyoosha lile jani. Wewe hulijui, lakini kwa Wachagga mtu akikuletea isale huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa umejitenga na watu wote. Nikalipokea, nikafunga mlango, nikakupigia wewe. "Amekuja na jani mwenyewe! Mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa nini?" Ukanijibu kwamba hapo kesi imekwisha. Tukakubaliana kabisa, watu wawili wa Mbinga, juu ya jani ambalo hatukulielewa hata mmoja. Nimeishi huku zaidi ya nilivyoishi kwetu, na bado nililisoma kama mgeni.

Sasa sikiliza nilivyogundua. Juzi Aikande amerudi likizo. Alikuja kuniona mgonjwa, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumfukuza, akaingia, akaosha vyombo, akaniwekea chai. Nikaona huu ndio wasaa wa kumnasa. Nikamuuliza kwa upole wa uongo, "Hivi mjukuu wangu, wewe hiyo nafasi uliipataje?"

"Nilichaguliwa vyuo viwili, bibi. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja wanakutumia namba ya kuthibitisha, unachagua kimoja. Usipothibitisha mpaka siku zikaisha, wanampa mtu mwingine."

"Wanakutumiaje?"

"Kwa meseji. Ninayo mpaka leo, siwezi kuifuta."

Akanionyesha. Nilivaa miwani. Hongera, umechaguliwa.

Nilimwelekeza kwenye mkoba, akatoa ile karatasi ya neno la siri, akaingia kwenye akaunti ya Imelda kwa simu yake. Ilichukua muda kufunguka. Nilikuwa naomba Mungu isifunguke. Ikafunguka. Uchumi, chuo cha Dar es Salaam. Uchumi, chuo cha Dodoma. Vyote viwili alichaguliwa. Chini yake imeandikwa kwamba hakuthibitisha.

Aikande alilia kuliko mimi. Walikuwa wamepanga kukaa chumba kimoja. Kisha akajifuta uso akasema, "Bibi, babu mimi simwambii. Utamwambia mwenyewe." Ana haki. Kwa mwaka mzima amesoma huku watu wa kanisani wakinong'ona kwamba nafasi yake si yake.

Kesho yake nikachuma isale nikavuka kwenda kwa Anaeli. Ni hatua chache, lakini nilipumzika njiani kama mtu anayepanda mlima. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliponiona akatupa panga akakimbia kunishika.

"Shemeji, utaanguka! Unatafuta nini?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nikamuuliza lile lililonisumbua usiku kucha: "Kama hukuwa na kosa, jani uliniletea la nini?"

Akaniangalia kama anayemfundisha mtoto. "Kwetu jani haliulizi nani amekosa. Linaomba ugomvi ukome. Nyumba mbili zilikuwa hazisalimiani, lazima mmoja aanze. Wewe ungeanza?"

Nikasema hapana, nisingeanza.

"Basi." Kisha akaligeuza jani nililomletea. "Ila hili umelichuma upande wangu wa mpaka."

Tulicheka mpaka kifua kikaniuma, mkewe akatoka jikoni kuona kuna nini. Siku hiyo nilikula kiburu chake chote.

Anaeli akanishauri nikutumie isale lingine ndani ya bahasha, liwe la Imelda. Nikakataa. Anayepokea jani hana ruhusa ya kukataa, na mimi tayari nimeshamnyima Imelda ruhusa nyingi. Akitaka kunikatalia, akatae.

Sasa ninachokuomba. Dirisha la maombi limefunguliwa tena na halitakaa wazi kwa muda mrefu. Matokeo yake bado yanafaa. Mruhusu aombe, Thadei, kesho asikose. Karatasi ya neno la siri nimeiweka humu. Akitaka kuja kuombea huku, Anaeli atampokea stendi ya Moshi na chumba cha Aikande kiko tayari. Akitaka kuombea Songea, aombee huko, mradi ajaze mwenyewe na wewe usimame nje. Na yale uliyoyasema juu ya Anaeli mbele ya wateja wako, yakanushe mbele ya wateja walewale.

Nitakuambia na hili, usikasirike: nakushuku hata wewe. Nakujua tangu unatambaa. Utaisoma barua hii, utanionea huruma, utaikunja uiweke mfukoni, umwambie Imelda mtandao ndio ulioharibu. Usifanye hivyo. Kwa mwaka mzima mtoto huyu ameamini kwamba hakutosha. Alifaulu kuwashinda wengi, vyuo viwili vikamtaka, na hajui. Mpe barua mkononi aisome kwa macho yake. Nimemwambia Sista Gaudensia, anayekuja Songea na Mbinga kuwasalimu wenzake na ndiye aliyeileta hii, amuulize Imelda mwenyewe kama ameiona.

Nisalimie mke wako, umwambie mguu aukande kwa maji ya chumvi ya moto. Msalimie mama yake Imelda, ambaye alinikabidhi mwanawe bila kuniuliza swali hata moja. Msalimie Kanisius, mdogo wetu wa mwisho, kama siku hizi anasalimika, na shangazi Klara ambaye nasikia bado anapalilia mwenyewe na anawacheka ninyi vijana. Watoto wote wa nyumba ya chini unisalimie, hata wale nisiowajua majina.

Habari za moyo wangu na aliyoyasema daktari ziko ukurasa wa kwanza. Ukurasa huo na huu wa mwisho ubaki nazo kwanza, mpe zile za katikati. Nimezifunga mbalimbali kwa sababu hiyo. Imelda ni mpole, akijua ninakufa atanisamehe palepale kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na hasira hiyo ni haki yake. Mwache akasirike kwanza, hata akitaka kunipigia simu anifokee. Nitaipokea, safari hii nikiwa nimevaa miwani. Akishamaliza, ndipo umpe na hizi mbili.

Ni mimi dada yako,
Skolastika