Tanuri la Baba

Dada yangu mpendwa Seini,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako huko kisiwani Vava'u. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu ya Baba imepungua kuvimba. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama. Mambo ya aibu kaka hamwambii dada yake ana kwa ana, wala kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Uliniandikia kwamba Baba huuliza kila asubuhi kama tanuri la bekari linawaka. Unajua nilimwahidi kwamba maadamu yu hai, halitazimika. Tafadhali usimsomee barua hii kabla hujaimaliza mwenyewe.

Unakumbuka serikali ilipotukataza tena kuuza mkate Jumapili, siku ya Bwana. Mauzo ya siku hiyo moja ndiyo yaliyokuwa yakibeba wiki nzima, watu wakitoka kanisani wanapanga foleni hadi barabarani. Sikulalamika. Nilihamishia kazi Jumamosi, nikaanza kuuza mkate uliokatwa vipande, nikakaanga maandazi ya watoto wa shule. Kisha unga ukapanda bei kwa sababu ya vita vya watu nisiowajua, nikapunguza ukubwa wa mkate. Mama Lupe, yule jirani yetu, aliupima kiganjani mbele ya wateja akaniuliza, "Lisiate, huu mkate au sabuni?" Wote wakacheka, nami nikacheka nao, maana ningefanya nini.

Chama chetu cha wafanyabiashara kikatualika kwenye semina. Bwana mmoja kutoka nje alituambia kiongozi wa kweli haogopi mabadiliko, huyapokea kwa mikono miwili. Nilimwuliza niyapokee kwa mikono ya nani, ikiwa wafanyakazi wangu wote wanataka kwenda Australia kuchuma matunda. Akanishauri niwaongeze mshahara ushinde wa huko. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na safari hiyo mimi sikucheka.

Hapo ndipo nilipojimaliza, Dada. Mchungaji alikuwa ameniweka kwenye kamati ya kijiji inayochagua watu wa kwenda kuchuma, kwa kuwa mimi ni mtu wa biashara na watu wananisikiliza. Kamati inataka watu wasiolewa pombe, wanaoamka mapema, wasioogopa joto. Niambie wewe, watu wa namna hiyo utawapata wapi kama si kwenye bekari yetu? Wakileta majina yao nilishindwa kuyapinga. Ningeonekana tajiri anayewabania wenzake riziki. Kila msimu nilisimama mbele ya wenzangu nikawasifu watu wangu mwenyewe, na mke wangu 'Ofa akawapikia lū, ile nyama ya kufungwa kwenye majani ya magimbi, ya kuwaaga.

Paea, mwoka mkate wetu mkuu, alinishika mkono machozi yakimtoka. Akasema, "Bosi, miezi sita tu, nakuja kulipasha tanuri tena." Nikamwambia aende zake, asinililie kama mjane. Msimu wake ulipokwisha aliomba mwingine, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Tulibaki mimi, 'Ofa na wazee wawili wenye macho mabovu. Mkate ukawa unatoka mweusi nje na mbichi ndani. Hoteli zikaacha kuchukua, kisha maduka. Wazee wale wakaniomba ruhusa ya kupumzika, nikawapa.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Tanuri la Baba halijawaka tangu Pasaka. Na mimi siko nyumbani. Tazama stempu ya bahasha, niko Australia. Jina la mwisho nililopeleka kwenye kamati lilikuwa langu. Nilitolewa nje nijadiliwe, halafu mchungaji akaniita ndani akaniuliza swali tunalomwuliza kila mtu, kwamba nikiondoka nani atashika kazi yangu. Nikajibu hakuna kazi iliyobaki ya kushikwa. Waliinamisha vichwa wakaniombea.

Nachuma stroberi, nimeinama tangu alfajiri. Msimamizi wa kundi letu ni Paea. Siku ya kwanza hakuweza kunituma, akawa anabeba makasha yangu yeye mwenyewe, mpaka mwenye shamba akamfokea. Siku hizi hunijia karibu na kusema chini chini, "Samahani, Bosi, harakisha kidogo." Afadhali angenitukana.

Wewe ndiye mkubwa wetu, na neno lako kwangu halina rufani. Ukisema nirudi, nitarudi, ingawa sijui narudia nini. Ukiamua Baba aambiwe, mwambie wewe, mimi sina kinywa hicho.

Lakini lipo moja ambalo hata 'Ofa halijui. Wenzangu huku wakiinama kuomba kabla ya chakula, mimi naomba Baba afe. Naomba aende mapema, akiwa bado anaamini tanuri linawaka. Nimejaribu kuomba kitu kingine na nimeshindwa.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Mama Lupe akija huko kwa ibada ya familia yake. Mpe Baba salamu zangu, umshike mkono kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Lisiate