Marehemu Aliyeunga Mkono

Jumatatu, 13 Mei 1996

Kortini saa mbili unusu. Benchi la nje mpaka saa sita. Kesi imeahirishwa, mara ya nne sasa. Leo wakili wa mshtakiwa anaumwa na jino. Mara ya mwisho faili haikuonekana. Nimerudi nyumbani Kisumu Ndogo kwa miguu, viatu vinanibana. Sina hamu ya kula.

Mshtakiwa ni mdosi wangu wa zamani. Nilikuwa mchapaji wake miaka sita. Naye ni wakili, tena wakili wa kikundi cha akina mama wa Kabiro, kule Kawangware, wenye ploti na shule ya chekechea juu yake. Aliandika kumbukumbu za mkutano ambao haukufanyika. Ati akina mama wamekubali kuuza ploti. Mnunuzi, shemeji yake. Mimi ndiye niliyezichapa. Polisi walipokuja waliniambia nichague: shahidi au mshtakiwa. Nikachagua.

Kwenye kumbukumbu hizo, Dorina Ayuma, mmoja wa akina mama hao, ndiye aliyeunga mkono hoja ya kuuza. Dorina tulimzika miezi mitatu kabla ya tarehe ya mkutano huo.

Mdosi alinipita kwenye varanda akaniuliza kama watoto hawajambo. Suti ya kijivu. Anatabasamu.

Alhamisi, 16 Mei

Onyango amenitafuta. Karani wa pale ofisini, tulikula chakula cha mchana pamoja miaka yote ile. Tulikaa kwenye hoteli ndogo Makina, karibu na msikiti. Aliagiza chai na mahamri. Akazunguka sana. Mvua, watoto, maji kukatika. Mwisho akasema mdosi hana kinyongo nami. Nafasi yangu ingali wazi. Kinachotakiwa ni niseme kortini sijui karatasi ile ya kumbukumbu ilitoka kwa nani.

"Ni neno moja tu, Mama Linet," akasema. "Sikumbuki. Hata si uongo, watu husahau."

Nilimwambia amalize chai yake. Yangu sikuigusa.

Kinachonichukiza ni kwamba nilifikiria. Njia nzima nilifikiria. Tangu ofisi inifukuze nafua nguo za watu mtaa wa Woodley. Vidole vimechubuka.

Jumamosi, 18 Mei

Mferejini, mama wa nyumba ya pili ameniuliza mbele ya foleni kama ni kweli mimi ndiye niliyeuza shule ya watoto. Nilijaza mtungi nikaondoka.

Jumatatu, 27 Mei

Nimetoa ushahidi. Nimeapa kwa Biblia. Nilisema karatasi alinipa yeye, kwa mkono wake, mwandiko wake, wino wake wa kijani. Akina mama wa Kabiro walijaza mabenchi mawili ya nyuma. Mwenyekiti wao, Mama Nekesa, alikaa pembeni, kitambaa kichwani, akiitikia kwa kichwa kila nilichosema.

Kisha wakili wa utetezi, jino limepona. Nilimjua Dorina Ayuma? Nilimjua. Ndiye jirani yangu wa kwanza Nairobi. Nilikwenda matangani? Nilikwenda. Basi nilipochapa jina lake sikushtuka?

"Mtu akichapa haraka hasomi," nikasema. "Vidole vinaenda vyenyewe."

Hakimu akaandika. Mama Nekesa akaitikia.

Uongo. Nilisoma. Nilifika kwenye jina mkono ukasimama. Nikautazama mlango wa mdosi. Nikamaliza mstari. Nikatoa nakala tatu, nikazipiga muhuri, nikaenda kula.

Jumanne, 28 Mei

Sikutoka nyumbani. Najichukia.

Alhamisi, 6 Juni

Imekwisha. Hazikufika dakika kumi. Kiongozi wa mashtaka alisimama na barua, akasema upande wa serikali umeondoa kesi. Sababu hakutoa. Hakimu hakuuliza. Alifunga faili haraka, kama anayefunika sufuria ya mboga iliyochacha.

Mdosi akashikana mikono na kiongozi wa mashtaka. Wakacheka jambo lao. Askari wa mlangoni akamsalimu kwa jina. Huku kwetu mwizi wa kuku hupigwa mpaka afe. Huyu alifunguliwa mlango wa gari.

Mama Nekesa alimwendea karani wa korti akamuuliza, kwa adabu, rufaa inakatiwa wapi. Karani akamwambia hakuna hukumu, kwa hivyo hakuna cha kukatia rufaa. Alirudia mara mbili, kwa sauti ya kumfunza mtoto. Mama wa watu akamshukuru. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, ile asante.

Genge lote lile, na tai zao. Sina neno safi la kuwaita.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa nimekwenda Kabiro. Ploti imezungushiwa mabati mapya. Mlinzi, mbwa. Akina mama waliruhusiwa kutoa vitu tu. Madawati yalikuwa nje, kwenye matope ya barabara, nao wakiyahamisha mpaka chumba cha nyuma cha kanisa moja hapo juu. Huko ndiko watoto watasomea kwa sasa.

Mama Nekesa alinishika mkono akanishukuru. Akasema nilisimama kortini wakati wanaume wangekimbia. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia nilisoma jina. Nilijua Dorina ameshakufa, nilijua hakuna mkutano, nikachapa kwa sababu niliogopa kufutwa.

Wenzake walikuwa wametangulia, hawakusikia. Aliuachilia mkono wangu. Akageukia mabati.

"Matangani wewe ulilia sana," akasema. "Nakumbuka."

Basi. Akainama, akashika dawati upande mmoja, akangoja. Nikashika upande wa pili. Tulipeleka matano hivyo. La sita alilibeba na mtu mwingine.