Injini Kubwa, Giaboksi Ileile

Sharjah

Kwa dada yangu Mwende,

Hujambo, mwana wa mwaitu? Mimi ni mzima, ila joto la huku limenikausha mpaka suruali zote zinanishuka. Habari za hapo Matinyani? Mvua imefika, ama ni mawingu tu ya kuwadanganya? Na goti la mama yetu, mwaitu, linaendeleaje? Nikimuuliza kwenye simu ananipa habari za magoti ya majirani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Barua hii anakuletea Mutua, tunayefanya naye kazi hapa gereji, pamoja na kifurushi kizito. Usikifungue kabla ya kusoma. Nakujua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena. Umeshanunua ile injini kubwa ya tabo, ile inayosukumiwa hewa iongeze nguvu, na unataka fundi Kyalo aifunge kwenye pikapu yako, huku giaboksi ikibaki ileile ya otomatiki iliyotoka nayo kiwandani. "Kyalo anasema nguvu ni nguvu," ukasema. "Wewe niambie tu, hiyo giaboksi itashika ama haitashika? Wamama wa kanisa wameniachia maembe yao yote nipeleke Makueni. Gari ikilala, maembe inaoza."

Dada, ikifungwa hivyo haitashika. Najua umekunja uso, lakini soma kwanza.

Kwetu nguvu ya kila aina ni vinya tu. Ng'ombe ana vinya, injini ina vinya, hata maombi ya mchungaji yana vinya. Giaboksi haioni hivyo. Kuna nguvu ya kukimbia, ile vijana wa Kabati hujisifia, na kuna nguvu ya kuvuta, ile ya kung'oa mzigo kutoka chini. Hii ya pili, pamoja na joto, ndiyo inayoua giaboksi. Kiwandani waliitengeneza ibebe injini yako ndogo, wakaacha akiba kidogo juu yake. Ukiiongezea kidogo, inavumilia. Lakini hiyo uliyonunua inavuta karibu mara mbili, na wewe hubebi hewa. Unapanda kilima cha kutoka mtoni na kreti za maembe, jua la saa nane likiwa utosini.

Mwezi uliopita nilifungua giaboksi ya mteja mmoja hapa aliyefanya hivyohivyo. Pikapu yake ililetwa ikivutwa. Injini ilinguruma vizuri tu, lakini gari lilikataa kwenda. Ndani kuna visahani vya klachi ambavyo hushikana ili gari liende. Vyote vilikuwa vimeungua, na mafuta, ambayo huwa mekundu, yalikuwa meusi na kunuka kama mahindi ya muthokoi yaliyoungulia sufuriani. Nikakuwaza wewe na kreti zako, nikaogopa kweli.

Sasa sikia habari njema. Tuliijenga upya kwa visahani vigumu zaidi, tukaiwekea karejeta kadogo ka kupoza mafuta yake, na tukapunguza msukumo wa tabo. Jana mteja alirudi. Amekuwa akivuta trela la ngamia mchangani wiki nzima. Nikachomoa kijiti cha kupimia: mafuta mekundu kabisa! Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Visahani kama hivyo na karejeta kake ndivyo vilivyomo kwenye kifurushi. Kyalo asiguse kitu mpaka Ijumaa, siku yangu ya kupumzika. Mnipigie kwa video, tuifungue giaboksi pamoja, na mwambie asijisikie vibaya, yeye mkono anao. Msukumo wa tabo aupunguze. Wewe nawe, kilimani usiiachie gari ijichagulie gia. Iweke kwenye mbili na utulie. Safari za kwanza beba nusu ya mzigo, hata kama wamama watakusukuma.

Mwaitu alinipigia nikukataze. Anasema kazi ya gari si ya mwanamke, nikuambie uuze injini urudi kwenye kazi yako ya dukani. Sitakuambia. Wamama wale walikuwa na malori ya kuchagua, wakakuchagua wewe. Najivunia hilo kuliko kitu chochote nilichofanya huku.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu vyake sijasahau. Msalimie shangazi wa Kwa Vonza na kuku wake wote, na mwalimu wetu wa kwaya ambaye bado anaamini nitarudi kuimba besi.

Na siku utakayofika juu ya kile kilima na mzigo kamili, simama hapo, upige honi mpaka uchoke. Mimi sitasikia. Mwaitu atasikia akiwa jikoni.

Mdogo wako anayekupenda,
Musyoka