Miko ya Mama na Propela ya Baba

Baba, chai iko kwenye chupa. Usimpigie muuza propela kabla hujasoma hapa. Mama, miko yako nimeiosha. Mmoja umepasuka, muulize mumeo.

Asubuhi nilikuwa namimina chai kama kawaida, Baba ukavamia kabati. Ukafunga miko miwili kwa uzi, kisha mitatu, ukaizungusha juu ya vikombe. "Haya msomi, kindege chetu kivae propela ya mapanga mawili au matatu?" Baba Mdogo akadakia, "Mwache, huyo hata chumvi huiomba kwa macho." Mkacheka. Nikasema, "Yoyote tu."

~~Mawili ni mepesi na hayana matata. Chagua upendavyo.~~

Hapana, nimefuta. Matatu, Baba. Ni mafupi zaidi, hayatagusa kokoto za kiwanja chetu, na ndege itapanda upesi. Ile miti ya mwisho wa kiwanja, kila ukiruka nafumba macho mpaka nisikie umeipita. Nimechoka kufumba macho.

Nguo zianuliwe mvua ikitanda.

Binti yenu

Nimeisoma barua hii yote kwa sauti hapa jikoni, paka ni shahidi: kila ukiruka, nataka urudi nyumbani, Baba.