Kula ya Jumamosi

Alhamisi, 24 Aprili 2025

Asalaam aleikum, daftari langu. Hujambo? Umeamkaje huko chini ya godoro? Mimi mzima, alhamdulillah, isipokuwa magoti.

Baiskeli zimefika! Wafadhili wa ng'ambo wamezipitisha kwa kikundi chetu cha akina mama, za watoto wanaotembea mbali. Laila wangu anatoka hapa Lubao gizani na bado anafika shule kengele imeshalia. Mwalimu amesema akizidi kuchelewa atamrudisha nyumbani. Ya Rabi, moja tu.

Khalayi, jirani yangu, amenipigia kelele juu ya ua: "Mama Raira! Jumamosi kikundini kuna kula. Kuja na mtoto!" Nikamjibu tumefunga. Kula tena! Hawa watu na sherehe. Mimi na Laila tunamalizia funga ya siku sita za Shawali, twende kutazama wenzetu wakitafuna? Wakianza kugawa baiskeli watatuita.

Jumamosi, 26 Aprili

Tulifua. Nikamsuka Laila. Mchana Khalayi huyo anapita, anasukuma baiskeli ya buluu, binti yake Beldina nyuma. Nikauliza imetoka wapi.

"Si kwa kula!"

"Kula gani inatoa baiskeli?"

"Ile ya kuokota karatasi! Watoto wengi, baiskeli chache. Asiyekuja hana lake."

KURA. Mama yangu — kura!

Alicheka mpaka akashika ua. "Ulifikiri ni obusuma na ingokho, ugali na kuku?" Nami nikacheka. Meno tu.

Miaka yote hii naujua ulimi wake. Mchele kwake ni mchere, Laila ni Raira. Nimesahau siku moja tu!

Jumapili, 27 Aprili

Sikulala. Shule ya Beldina iko nyuma ya nyumba yao! Ukipiga chafya hapa wanakuambia pole kule. Aliingizwa kwenye kura kwa sababu mama yake ni mwanachama. Na Jumamosi asubuhi Khalayi alipita mlangoni kwangu, hakuniita. Alisema "kula" makusudi? Astaghfirullah. Lakini hakuniita.

Nimeenda kwa Bramwel, katibu. Pole mama, zimekwisha. Ila mtoto asipoitumia, ama ikifanywa ya biashara, inarudi kikundini na inapigiwa kura upya. "Kura ya r, mama," akaongeza. Habari imeshafika kote.

Jumanne, 29 Aprili

Shule zimefunguliwa. Laila ameondoka gizani, kwa miguu. Halafu kengele ya ile baiskeli — kring! — katikati ya swala. Nikasahau niko rakaa ya ngapi.

Jioni, afadhali nisingetazama. Beldina anaogopa hata kukanyaga pedali, analia. Anayemfundisha ni Laila! Amefunga sketi kiunoni, anazunguka uwanja wa Khalayi kama aliyezaliwa juu yake. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike baba yake. Na kicheko chenyewe amekipeleka kwa Khalayi!

Nikamwita aje asonge ugali. Hata maji sikuwa nimeyaweka motoni.

Alhamisi, 1 Mei

Ndizi! Mikungu miwili kwa keria ya ile baiskeli, Khalayi anasukuma kwenda sokoni. Beldina hayuko karibu. Nimeona kwa macho yangu haya.

Ijumaa, 2 Mei

Hutuba ya leo: hasadi. Niko upande wa wanawake, pazia katikati, na bado nikahisi imamu ananitazama.

Jumamosi, 3 Mei

Bramwel anapita nyumba kwa nyumba kuangalia baiskeli. Na anauliza majirani.

Khalayi alinifikia mapema na viazi vitamu vya moto. Hakukaa. "Dada, akikuuliza, sema Beldina huendanga nayo shule. Hizo ndizi ni mgongo tu umenikataa. Usiniangushe." Akafika nje, akarudi. "Raira akitaka kupanda jioni, apande."

Jioni! Asubuhi ndipo mtoto anapoihitaji.

Nimemuuliza sasa, kwa sauti ya kawaida, kwa nini Jumamosi ile hakuniita. Akanishangaa. "Ulisema umefunga. Nilifikiri dini yenu haitaki kula."

Dini yetu haitaki kura. Hivyo ndivyo alivyoelewa! Kumbe kila mmoja wetu alisikia la mwenziwe vibaya. Ningefurahi. Sikufurahi. Baiskeli bado iko kwake.

Nikisema kweli, itakuwa kweli ya Mungu ama ya hasadi? Maneno ni yaleyale. Na kura ikipigwa upya, nani amesema Laila ndiye atakayeokota?

Bramwel ametoka kwa Khalayi. Nasikia miguu. Laila amesimama hapa mlangoni, mikono imejaa grisi, ametoka kurudisha mnyororo wa ile baiskeli. "Mama, utasema nini?" Viazi havijaguswa.

Hodi imepigwa.

Ya Rabi, hapa sasa nakuandikia Wewe, si daftari. Nijibu upesi, tafadhali. Yuko getini.