Chumba Nilichokipata Mabibo

Mabibo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinakusumbua bado? Na Baba, furu wanapatikana ziwani msimu huu? Mimi mwili ni mzima. Barua zangu anakusomeaga Dada Nyangeta, lakini hii nimeituma kwa Mwinjilisti akusomee peke yako, mlango umefungwa. Utaona kwa nini.

Uliniambia nikikosa bweni la chuo nimtafute shemeji Magesa, mume wa Dada, kwamba kwake sitakosa pa kulala. Bweni nilikosa kweli. Siku hizi tunaambiwa tuchangie gharama, na vitanda ni vya wanaojuana. Mwenzangu mmoja akanibeba, tukawa tunalala mzungu wa nne kwenye kitanda chake, mpaka mlinzi akanitoa na begi langu.

Shemeji nilimfuata kule Manzese tulikokujua. Wakasema alihama zamani. Basi nikaanza kutafuta chumba. Mama, mji huu! Nyumba ya kwanza mzee ananiuliza natoka wapi. Nikasema Musoma. "Aa, nyie mkikasirika mnashika panga." Nikamwambia sisi wa Bukima tunashika nyavu. Akafunga mlango. Nyumba ya pili wanataka mwenye mke. Ya tatu walinikubali, kesho yake nikakuta muuza mitumba kalipa kodi ya mwaka mzima na kitanda chake kimeshaingia. Nililia pale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu.

Muuza dagaa mmoja, mtu wa Makoko kule kwetu, akanihurumia, akanipeleka kwa mama mwenye nyumba anaitwa Bi Mwanaidi. Huyu hakuuliza habari za panga. Akasema, "Watu wa Musoma nawajua. Nilikuwa na mmoja humu, mpole, kafariki kabla ya mvua. Tangu hapo chumba watu wanakiogopa. Wewe je?"

Nikamjibu asiye na pa kulala haogopi. Akaniachia kitanda cha marehemu na chandarua chake.

Jioni nikakishusha kile chandarua. Kimezibwa matundu kwa uzi wa nyavu. Unakumbuka tulivyokuwa tunamcheka shemeji pale mwaloni akishona nyavu, kwamba mafundo yake yana ndevu kwa sababu hakataagi ncha? Ndiyo yale yale, Mama. Nikatoka kumuuliza Bi Mwanaidi jina la marehemu. Akasema, "Magesa."

Alikohoa, akakonda, mwisho akawa hasimami. Bi Mwanaidi alitaka tuandikiwe barua, mwenyewe akakataa, "Nitapona kwanza, ndipo nirudi." Majirani walichanga wakamzika. Kaburi nimeonyeshwa, nimeweka msalaba wa mbao.

Ugonjwa wenyewe ni huu unaomaliza watu. Na Krismasi ile alikuja nyumbani, na sasa Dada ananyonyesha. Nina hasira na shemeji, halafu namlilia. Mama, usimwambie Dada ukiwa peke yako, mwite shangazi. Akishalia, mpelekeni hospitali apimwe, yeye na mtoto. Na ndugu wa marehemu wakija na habari za kumrithi Dada, Baba akatae katakata. Hata kama watakasirika, akatae.

Hapa sijahama. Nimetafuta kwingine, hakuna, na mitihani imekaribia. Bi Mwanaidi ananipikia uji asubuhi, hajui mimi ni nani kwa yule mtu, anadhani ni wa Musoma mwenzake tu. Nashindwa kumwambia.

Msalimie Baba, na Bibi aliyenifungia furu wakavu wa safari, na mdogo wangu wa darasa la saba, asome asichezee ziwa. Shangazi wa Makoko mwambie ajiandae. Mwinjilisti, pole kwa mzigo niliokutwisha. Dada usimpe salamu zangu mpaka mtakapokuwa mmeshamwambia, asije akaniulizia habari za mumewe.

Ulisema kwa shemeji sitakosa pa kulala. Sijakosa, Mama. Nalala kitandani kwake.

Mwanao,
Bwire